Nyambura Ambaye Sikumzaa

Kwa miezi mingi watu waliniambia hasira yangu ni ugonjwa. Mume wangu aliniambia. Mama mkwe aliniambia kwa upole, na huo upole ukanichoma zaidi. Hata daktari alisema, akiandika bila kuniangalia: "Hiyo tezi ya shingo inakupandisha kila kitu, mama. Moyo, joto, hasira. Ikitulia, na wewe utatulia." Basi kama umeketi kwenye benchi la hospitali sasa hivi, shingo imevimba, mikono inatetemeka, na mtu ameshakuambia utulie, nisikilize mimi. Nimepona. Nitakuambia vile ilikuwa, pamoja na yale hawabandiki ukutani pale kliniki.

Naitwa Mama Shiku. Nilimaliza kidato cha nne, nasuka nywele Makongeni, Thika, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayokodi. Mume wangu Kamau yuko kiwandani hapa mjini, na kila mwezi bima ya matibabu inakatwa kwa mshahara wake kabla yeye mwenyewe hajauona. Watoto ni wawili: Shiku, ambaye yuko gredi ya tatu, na Njoro wa miaka minne. Wote niliwazaa kawaida, bila kisu. Hilo lishike, tutalirudia.

Ilianzia mikononi, na msusi akiharibika mikono ameharibika yote. Nilikuwa nasuka mama mmoja mistari ya kwenda nyuma, akajiangalia kwa kioo, akasema, "Mama Shiku, hii mistari inaenda wapi? Ni kama barabara ya Murera mvua ikinyesha." Tulicheka. Nilifumua nikaanza tena, ikatoka vilevile. Wiki iliyofuata hakurudi.

Halafu nikaanza kula kama fundi wa mjengo na bado sketi inaanguka. Nilifunga na pini, pini ikawa mbili. Nilitoka jasho watu wengine wakiwa wamevaa sweta. Moyo ulikimbia nikiwa nimeketi tu, nikichambua maharagwe. Majirani walianza kunisalimia kwa ile sauti ya chini ya mtu anayejua unakufa na nini. Na macho yakaanza kutoka. Sikujua yanatoka mpaka Njoro aliponiuliza, "Mami, mbona kila siku unashangaa?"

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo mwezi wa tatu, mvua ya masika haijaanza, wakati kambi ya matibabu ya bure ilipokuja kwa kanisa letu. Mama mkwe, Cucu Wanjiku, yaani nyanya ya watoto, ndiye mwenyekiti wa akina mama. Ndiye aliyetangaza, ndiye aliyepanga foleni. Walitoka zahanati moja ya kibinafsi Ruiru, wakaleta meza, mashine ya presha, kompyuta na katoni za mafuta ya kupikia. Ukipimwa, unapewa nusu lita.

"Nenda upimwe hiyo kutetemeka," Cucu akaniambia. "Ni bure. Ama unataka mpaka uanguke juu ya kichwa cha mtu?"

Nikaenda. Msichana wa kompyuta alichukua kitambulisho changu, akasema, "Weka kidole hapa." Nikauliza ni ya nini. "Ya kuonyesha tu umefika." Nikaweka. Kidole kilitetemeka mpaka akanishikia kwa mkono wake. Kijisanduku kikawaka taa ya kijani. Mwenzake akanipima presha akasema iko juu kidogo, nipunguze chumvi. Nikapewa mafuta yangu nikaenda nyumbani. Shingo yangu ilikuwa imevimba mbele yao kama nimemeza yai, na hakuna aliyeiona.

Aliyeiona ni daktari wa hospitali kubwa, mwezi wa nne, mvua ikinyesha vile inavyonyesha Thika, maji mpaka mlangoni. Alishika shingo, akaniambia nimeze mate, akanituma nipimwe damu. Akaniandikia vidonge vya kupunguza nguvu ya tezi na vingine vya kushika moyo. Akasema tutatuliza kwanza kwa dawa, halafu tutaikata.

Kutoka hapo nilianza kuhesabu maisha kwa vidonge. Masika yote, vidonge sita asubuhi. Baridi ya mwezi wa saba, vinne, na mara ya kwanza kwa mwaka huo nikasikia baridi kama watu wengine. Nilivaa sweta nikalia kwa furaha. Kliniki ilikuwa kila baada ya wiki nne. Unafika saa moja asubuhi, unaitwa saa saba. Nitakupa ushauri mmoja wa bure: beba chai yako na usikae karibu na mlango, utasukumwa siku nzima. Siku moja nilisahau kubeba chochote, na mama mmoja wa Murera ambaye simjui jina akakata ngwaci yake katikati, kile kiazi kitamu cha kuchemshwa, akanipa ile nusu kubwa. Shingo yake ilikuwa kama yangu. Hiyo ngwaci mpaka leo naihesabu kama dawa.

Nyumbani haikuwa ngwaci. Nilimrushia Kamau sufuria, siyo la moto, lakini nilirusha. Nilimfokea Shiku juu ya kalamu mpaka akaanza kuficha kalamu. Nikishamaliza nafungia macho yangu kwa taulo yenye maji baridi, kwa sababu hata kufumba yenyewe yalikuwa hayafumbi vizuri.

Mwezi wa nane daktari akasema damu iko sawa, twende thieta sasa, ukapasuliwe, tusingoje tezi ikaamka tena. "Moyo wako umevumilia," akasema. "Tusiujaribu." Nikapeleka karatasi kwa dawati la bima pale chini ili waombe idhini. Dada wa dawati akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, kiwango cha upasuaji cha familia yenu kimeisha mpaka mwaka ukiisha."

"Kimeishaje na hakuna mtu amepasuliwa?"

Akasoma. "Ulijifungua kwa upasuaji mwezi wa tatu, Ruiru. Ukalazwa siku tano. Mtoto wa kike." Akanitazama, akaongeza, "Hongera."

Nilimwambia asome tena. Akasoma. Tarehe ilikuwa ile ya kambi. Siku niliyopewa nusu lita ya mafuta, kwa kompyuta nilikuwa nimepasuliwa tumbo na kuzaa.

Nilipomwambia Kamau alicheka kwanza. Kisha akaacha. Akauliza, pole pole, "Lakini mwezi wa tatu ulikuwa ukienda wapi siku za wiki?"

Nataka ujue ugonjwa unaweza kufikisha nyumba mahali hapo: mtu mliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima anahesabu miezi kwa vidole. Nikamwambia, "Kamau, ulikuwa unanisaidia kufunga sketi na pini. Hiyo mimba nilikuwa nimeificha wapi?" Akatoka nje. Akarudi na mkate na maziwa, akakaa karibu na mimi. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba, ndiyo sababu Shiku wetu ni Wanjiku kama Cucu. Wa pili anapewa la mama ya mama.

"Basi kama ni msichana," Kamau akasema, akiangalia ukuta, "huyo ni Nyambura. Mama yako amezaliwa na hakuna mtu alimwambia."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha. Kuanzia hapo hata watoto walimwita hivyo. Nyambura amekula upasuaji wa mami.

Siku iliyofuata nilienda Ruiru. Zahanati yenyewe ni ngazi moja juu ya duka la kuuza simiti na misumari. Nilihesabu vitanda kupitia mlangoni: sita, na kimoja kilikuwa na mtu. Kwa benchi kulikuwa na akina mama watatu na watoto wao. Nikasimama mbele ya kaunta nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Mwanaume wa kaunta akainua kichwa. "Mtoto gani?"

"Yule nilimzaa hapa mwezi wa tatu. Mlinipasua nikalala siku tano. Amefika miezi mitano sasa, anataka uji. Mleteni."

Akina mama wakaanza kuangaliana. Mmoja akasema, "Ngai, Mungu wangu." Mwanaume akanivuta kando, akawa rafiki yangu ghafla. "Mathe, tulia. Kwani umelipa kitu? Hujalipa hata shilingi. Ni bima imelipa. Sasa shida iko wapi?"

Nimelifikiria hilo swali kuliko somo lolote nililosoma shuleni. Bima imelipa. Kama bima ni mtu fulani tajiri anayeishi mbali na hana watoto. Nikatoa karatasi ya mshahara ya Kamau kwa mkoba, nilikuwa nimeibeba makusudi, nikaweka kidole kwa ule mstari wa makato. "Bima ni huyu. Anaitwa Kamau, anasimama mbele ya mashine masaa kumi. Na huyu mama hapa kwa benchi, ni yeye pia. Na wewe ukikatwa, ni wewe. Mmemwibia nani, kama si huyu?"

Akasema niende kwa ofisi, yeye hana mamlaka. Nilipokuwa nashuka ngazi, mmoja wa wale akina mama alinifuata na mtoto wake mgongoni. Akaniuliza mtu anaangalia wapi rekodi yake.

Ofisi ya bima iko Thika mjini. Dirisha la tano kulikuwa na mwanamke wa makamo, Mwende, mtu wa kutoka upande wa mashariki kule wanakolima matunda, mwenye sauti kavu na miwani ya kamba. Nilimweleza. Akasema kompyuta inasema nilipasuliwa, na alama ya kidole ni yangu.

"Kidole ni changu," nikasema. "Tumbo pia ni langu. Angalia." Nikapandisha blauzi.

"Mama, shusha nguo, kuna wazee hapa."

"Wazee wamezaliwa na matumbo. Kovu liko wapi? Nionyeshe, nami nitaenda zangu."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hakuna kovu. Mimi nimeona." Foleni yote ikacheka, na Mwende akafunika mdomo kwa faili. Lakini akili yake haikucheka. Alitoa fomu ya malalamiko, akasema nitahitaji barua ya daktari kwamba sijawahi kupasuliwa. Barua hiyo nililipia. Ndiyo, nililipa pesa ili iandikwe kwamba sikufanyiwa kitu. Na kabla ya kuandika, daktari akataka picha ya tumbo, kwa sababu ile niliyopigwa zamani hospitali nyingine hawaitambui. Nayo nikalipia. Ukijiuliza kwa nini matibabu yanapanda bei, anza kuhesabu hapo, kwa mtu mzima anayepigwa picha ya kuthibitisha kwamba hakuna kitu kimetokea.

Nikarudi dirisha la tano na karatasi zangu. Mwende akachapisha rekodi yote ya familia yetu, akanipa kalamu. "Pitia kila mstari. Kilicho chako weka alama. Kisicho chako, kata. Halafu utie sahihi kwamba yote uliyosema ni kweli."

Nikapitia. Nyambura, nikamkata mara mbili. Shiku, jino: ni yetu. Mimi, vidonge, damu: ni yangu. Njoro, kifua, kulazwa siku tatu Juja, mwaka uliopita.

Hapo kalamu ikasimama.

Njoro hajawahi kulazwa. Aliyelazwa ni Ian, mtoto wa dada yangu. Dada yangu alikuwa hana bima, mtoto alikuwa anapumua kama jogoo mgonjwa, na watoto wadogo hawawekwi kidole. Alinipigia simu, nikamwambia mwandike Njoro, hutalipa hata shilingi. Sikufikiria hata dakika moja. Hapa kwetu ni kama kuazima chumvi. Mtu mwenye bima anajulikana ukoo wote. Ian akapona. Tulishukuru Mungu kanisani, kwa jina lake lenyewe.

Sasa fikiria nilivyosimama pale. Nikiweka alama, nimedanganya kwenye fomu ile ile ninayowashtakia wezi. Nikikata, nitaulizwa, na wanaweza kufunga bima yote, na thieta yangu iende nayo. Moyo ulianza kukimbia, na safari hii haikuwa tezi. Nilifikiria yule mwanaume wa kaunta. Hujalipa hata shilingi, shida iko wapi? Ni maneno yale yale niliyomwambia dada yangu kwenye simu. Yale yale.

Nikakata. Nikamwambia Mwende, "Huyu si Njoro. Ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliruhusu."

Akavua miwani. "Unajua naweza kufunga hii?"

"Najua."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu nikimnyamazia huyu, nitakuwa sina mdomo wa yule mwingine."

Akaandika kwa muda mrefu. "Huyu wa dada utalipa," akasema. "Pole pole, lakini utalipa yote. Yule wa Ruiru tutampeleka mbele." Akaweka muhuri kwa nguvu. "Na uende ukanywe maji, unatetemeka."

Dada yangu hakuniongelesha wiki tatu. Alisema nimemwuza. Nilimwambia alipe nusu, mimi nusu, na akajiandikishe mwenyewe. Alinitukana, kisha akajiandikisha. Akatuma picha ya ile karatasi bila salamu. Hiyo nayo niliihesabu kama ngwaci.

Nilingoja wiki saba. Daktari aliongeza vidonge tena kwa sababu tezi ilianza kuamka. Cucu Wanjiku alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana kuosha vyombo. Siku moja nikasikia analia na maji ya bomba yamefunguliwa. "Ni mimi niliwaita wale watu," akasema. "Nilipanga foleni kwa mikono yangu." Nikamwambia, "Mami, hukujua." Akasema, "Mwenyekiti anafaa kujua." Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa matangazo, akaambia akina mama wote waende dirisha la tano na vitambulisho. Waliporudi, mmoja wetu wa miaka sabini na mbili alikuwa amezaa mapacha. Cucu akamwambia, "Sara wa Biblia alipewa mmoja tu. Wewe Mungu amekupenda." Walicheka mpaka wakashikana.

Idhini iliingia kwa simu wakati jakaranda zimemwaga maua barabarani, nikiwa nimeshika kichwa cha mteja. Nilimaliza mstari kwanza. Wiki hiyo hiyo nikakatwa.

Nitakuambia ukweli wa thieta: ni baridi, na wanakuita "mpenzi" wakikufunga mikono. Nilipoamka shingo ilikuwa kama imefungwa na kamba ya mbuzi. Sauti haikuwepo. Kabisa. Daktari alisema itarudi, wakati mwingine inachelewa. Wiki tano niliongea kwa kuandika kwenye daftari kuukuu la Shiku. Cucu akaangalia juu akasema, "Mungu ametupa likizo." Nikaandika: NIMEKUSIKIA.

Ilirudi kwanza kama ya jogoo mdogo, kisha kama yangu. Mikono ilitulia. Yule mama wa mistari ya Murera alirudi mwenyewe, akakaa kwenye kiti, na nikamsuka mistari iliyonyooka kama uzi wa fundi. Macho yameingia ndani kidogo. Hayatakuwa kama zamani, lakini Njoro haulizi tena. Kovu langu liko hapa mbele ya shingo, la kweli, la rekodi ya kweli. Silifuniki na skafu.

Mwezi uliopita Kamau alileta barua kutoka kazini. Makato ya bima yanaongezwa. Sababu iliyoandikwa ni moja: gharama za matibabu zimepanda. Najua dawa zinatoka mbali, na mashine si bei ya sufuria. Sibishi. Lakini nilisoma huo mstari nikamwona Nyambura, na mapacha wa yule mama wa sabini na mbili, na Ian wangu kwenye jina la Njoro, na ile picha ya tumbo langu zima. Wote tumo kwenye huo mstari. Nikaanza kusema kwa hasira, na Kamau akaangalia shingo yangu. "Si daktari alisema damu iko sawa?"

"Iko sawa," nikamwambia. "Nilipimwa wiki jana. Kila kitu kiko sawa."

Akaelewa. Ile hasira ya kalamu na sufuria ilitolewa pamoja na tezi, na nimeomba Shiku msamaha. Hii nyingine daktari hakuikuta, kwa sababu haikuwa shingoni. Sitaki itibiwe. Na wewe ukiwa nayo, usikubali kumezeshwa kidonge chake. Kata mistari isiyo yako, hata ile inayokuuma kukata.

Jumamosi iliyopita kambi nyingine ilikuja. Kanisa lilikuwa limekataa, kwa hiyo waliweka meza zao uwanjani, kando ya lango la kanisa. Jina lingine, fulana zingine, safari hii ni unga. Foleni ilikuwa ndefu, maana unga ni unga. Mbele kabisa alikuwa Cucu Wanjiku na kitambaa chake cha Jumapili. Nilikuwa nimeanza kuvuka barabara nimzuie.

Msichana wa kompyuta akamwambia, "Cucu, weka kidole hapa."

Cucu akakunja ngumi yote, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka mzigo. "Nitaweka," akasema, kwa ile sauti yake ya matangazo. "Lakini kwanza niambie, mwanangu, leo nitakuwa nimezaa nani?"

Nyuma yake, mmoja mmoja, akina mama wakaanza kuingiza mikono ndani ya sweta.